Mbunge wa Marekani anaweza kweli kuisukuma VA, au ni kelele za kamera tu?

Kusi_Minnesota

Wakuu, salaam. Humu wamejaa watu waliovaa gwanda la Marekani, na wauguzi wa hospitali za VA (wizara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani) nao hawakosi, kwa hiyo naleta swali hapa.

Kila baada ya muda unasikia Kamati ya Maveterani imemwita waziri wa VA, wabunge wamewaka, kesho yake kimya. Kamati hizi zinaisimamia VA kwa njia gani hasa, na zina meno kiasi gani? Pili, askari wa zamani aliyepewa rufaa kwa daktari wa moyo na mpaka leo hajapangiwa tarehe, akimwandikia mbunge wake inasaidia? Tatu, asiye raia, mwenye green card tu, ana haki ya kumsumbua mbunge?

Naomba hatua. Siasa za vyama tuziache jukwaa la siasa.

Mzee_wa_Kumbukumbu

La tatu ni jepesi, nilimalize kwanza. Ndiyo, anayo haki. Ofisi ya mbunge inahudumia wakazi wa jimbo, haiulizi pasipoti. Na matibabu ya VA yenyewe hayategemei uraia. Yanategemea utumishi (kwa walioingia baada ya Septemba 7, 1980, kwa kawaida miezi 24 mfululizo au muda wote ulioitiwa, kukiwa na misamaha kama kuachishwa kwa ulemavu uliotokana na kazi) na aina ya cheti cha kuachishwa jeshi.

Sasa kamati. Ziko mbili: ya Baraza la Wawakilishi, iliyoundwa kwa sheria ya 1946, na ya Seneti, iliyotokana na sheria ya 1970. Ya Wawakilishi ina kamati ndogo, mojawapo ya Afya na nyingine ya Usimamizi na Uchunguzi. Zina nguvu ya kuita mashahidi, kudai nyaraka kwa hati ya wito, na kutunga sheria. Pesa zenyewe hazigawi wao, zinagawiwa na kamati za matumizi, na hapo ndipo watu wengi huchanganya.

Kamati haina macho yake hospitalini. Macho yake ni mawili: Mkaguzi Mkuu wa VA (OIG), ambaye anaingia mpaka kwenye mafaili ya wagonjwa, na GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, inayofanana na CAG wa kule nyumbani. GAO iliiweka huduma ya afya ya VA kwenye orodha yake ya maeneo hatarishi mwaka 2015. Kelele za kikaoni ni sehemu ndogo sana. Kazi yenyewe imo kwenye mapendekezo ya wakaguzi: kila pendekezo linabaki wazi mpaka VA ilete ushahidi kwamba imetekeleza, na mbunge mjanja huenda kikaoni na orodha ya yale yaliyolala.

Kinachoharibu usimamizi ni pale takwimu zinapotengenezwa na mtu yule yule anayepimwa nazo. Hospitali ya VA ya Phoenix, jimbo la Arizona, 2014, ndiyo darasa. VA ilikuwa imeweka lengo la mgonjwa kuonwa ndani ya siku 14, na lengo hilo likaingia kwenye tathmini na bonasi za wakubwa. Karani alifanyaje? Anafungua programu ya miadi, anatafuta nafasi ya kwanza iliyo wazi, tuseme miezi miwili mbele, anamuuliza mgonjwa kama inamfaa. Mgonjwa hana la kufanya, anakubali. Karani anatoka kwenye ukurasa ule, anaanza upya, na kwenye kisanduku cha "tarehe aliyoitaka mgonjwa" anaandika ile ile ya miezi miwili mbele. Kompyuta inahesabu: kusubiri, siku 0. Washington wanaona kijani kitupu.

OIG walipochukua sampuli ya wagonjwa 226 wa Phoenix, walikuta wastani wa kusubiri miadi ya kwanza ni siku 115, wakati taarifa rasmi ilisema 24. Wengine 1,700 walikuwa wakisubiri bila hata kuingizwa kwenye orodha ya kielektroniki. Aliyefumbua jambo ni daktari aliyekuwa akifanya kazi humo humo, Sam Foote. Kamati ya Wawakilishi chini ya Jeff Miller ikalitoa hadharani kikaoni mwezi wa Aprili, Mei ikapiga kura ya kutoa hati ya wito, na tarehe 30 Mei waziri Eric Shinseki akajiuzulu. Agosti 7 Obama akasaini sheria ya kuwaruhusu baadhi ya wagonjwa kutibiwa kwa madaktari binafsi kwa gharama ya VA. Niongeze, maana linapotoshwa sana: ripoti ya mwisho ya OIG ilisema haiwezi kuthibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikosababisha vifo. Ucheleweshaji na udanganyifu ndivyo vilivyothibitika.

Mfano wa pili hausikiki sana, lakini kwangu unatisha zaidi. Mfumo mpya wa kumbukumbu za kielektroniki ulianza Spokane, jimbo la Washington, Oktoba 2020. Daktari akiagiza kipimo au rufaa, na kituo kinachopelekewa hakikulingana na jinsi mfumo unavyokitambua, agizo lilitumbukia kwenye foleni isiyojulikana. Daktari hakupata onyo lolote, aliona limekwenda. Zaidi ya maagizo 11,000 yalipotelea humo kabla ya katikati ya 2021, na VA yenyewe ilihesabu wagonjwa 149 waliodhurika. Ripoti ya OIG ya Julai 2022 ndiyo iliyowapa wabunge kitu cha kushika. Aprili 2023 VA ikasimamisha usambazaji wa mfumo, ukiwa kwenye hospitali tano tu.

Upande wa pesa: tangu sheria ya 2009, fungu la matibabu hupitishwa mwaka mmoja kabla, ndiyo maana serikali ikifungwa hospitali za VA haziguswi. Ubaya wake ni kwamba makadirio yanafanywa mapema mno. Julai 2024 VA iliwaambia wabunge kuna pengo la karibu dola bilioni 3 kwenye mafao na bilioni 12 kwenye afya ya mwaka unaofuata. Septemba Bunge likatoa zile za mafao haraka haraka. Miezi michache baadaye ikaonekana mafao yalifunga mwaka na bakaa ya karibu bilioni 5. Msimamizi akipewa hesabu mbovu, naye anasimamia ubovu.

Fundi_wa_Fomu

Mzee kamaliza ya juu. Mimi nachukua la pili, la daktari wa moyo.

Kabla ya mbunge, hakikisha una kitu cha kudai. Sheria ya MISSION ya 2018, iliyoanza kazi kwenye eneo hili Juni 6, 2019, ndiyo iliyoifanya VA iweke viwango. Huduma ya msingi na afya ya akili: siku 20 za kusubiri, au wastani wa dakika 30 za kuendesha gari. Daktari bingwa: siku 28, au dakika 60. VA ikishindwa kutimiza kimojawapo, mgonjwa anastahili kuulizwa kama anataka kutibiwa nje ya VA, kwa daktari binafsi, kwa gharama ya VA. Daktari wa moyo ni bingwa, kwa hiyo 28.

Siku zinahesabiwa tangu tarehe ya ombi, ISIPOKUWA mgonjwa amekubali tarehe ya mbele zaidi. Hapo ndipo watu wanapoangushwa. Karani anapiga simu, "nina nafasi ya tarehe fulani, inakufaa?", mtu anasema sawa, na haki imeyeyuka kwa neno moja. Jibu lake ni hili: "Naomba niandikiwe kwamba tarehe hii imepita siku 28, na naomba niangaliwe kama nastahili matibabu ya nje." Mwombe asome alichoandika, chukua jina lake na saa ya simu. Siku hiyo hiyo tuma ujumbe kwa timu ya daktari kupitia ukurasa wa mgonjwa mtandaoni, ukirudia mliyozungumza. Ujumbe huo unabaki na tarehe, na hakuna wa kuukana.

Wakikataa, nenda kwa mtetezi wa wagonjwa wa hospitali hiyo. Kila kituo kikubwa kinaye. Mwambie uandikiwe lalamiko na upewe namba yake, na useme wazi kwamba unaweka pingamizi la kitabibu, maana kunung'unika tu hakuhesabiki. Uamuzi wa matibabu ya nje hupingwa kwa njia hiyo, hauendi kwenye ile bodi ya rufaa ya mafao.

Ikikwama hapo, ndiyo mbunge. Wasiliana na ofisi yake ya jimboni, ya Washington inashughulika na sheria. Utapewa fomu ya idhini, kwa sababu Sheria ya Faragha ya 1974 inaizuia VA kumjibu mbunge kuhusu mtu bila saini ya mwenyewe. Saini ya mke haitoshi, ya mtoto haitoshi, labda awe na hati ya uwakili. Kabla ya kuituma, hakikisha ina saini na tarehe ya kuzaliwa.

Kuna kizuizi kingine kisichojulikana. Taarifa za dawa za kulevya, ulevi, VVU na selimundu zina kinga ya peke yake, kifungu cha 7332. Idhini ya jumla haizifungui. Selimundu imo, na sisi watu wa kwetu tunaijua. Kama tatizo linahusu mojawapo, jaza fomu ya VA 10-5345 na uweke alama kwenye visanduku vyake, la sivyo mbunge atajibiwa nusu nusu.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Tarehe ya rufaa, nani aliitoa, kituo gani, tarehe za simu, namba ya lalamiko, halafu unachotaka kwa sentensi moja: "Naomba VA ieleze kwa maandishi kwa nini sikuangaliwa kwa matibabu ya nje chini ya kiwango cha siku 28." Historia yote ya vita iache. Mfanyakazi wa mbunge ataibandika barua yako kwenye barua yake kama ilivyo, na anayeisoma VA anatafuta tarehe tu.

Chagua ofisi MOJA. Ukimwandikia mbunge, maseneta wote wawili na laini ya Ikulu kwa wakati mmoja, maswali yote yanaishia meza ile ile na mara nyingi yanasubiriana.

Mbunge hawezi kumwamuru daktari, hawezi kubadilisha asilimia ya ulemavu. Anaweza kuuliza na kudai jibu. Kwa jambo lililokwama kwa uzembe, hiyo inatosha. Kwa jambo lililoamuliwa kisheria, haitoshi.

Bi_Salma_RN

Nyongeza mbili.

Kwa dharura msingoje mbunge wala rufaa. Maumivu ya kifua ni 911 na hospitali iliyo karibu. VA ijulishwe ndani ya saa 72 tangu matibabu yaanze, na hospitali ndiyo inayopaswa kufanya hivyo, ila familia iulize kwa mdomo: "Mmeshaijulisha VA?" Bili nyingi zinazowafuata watu nyumbani zinaanzia kwenye saa hizo. Mwenye mawazo ya kujiua apige 988 kisha 1. Tangu Januari 17, 2023 anaweza kupokelewa hospitali yoyote, hata kama hajajiandikisha VA: hadi siku 30 za kulazwa na hadi 90 za kliniki.

Kwa wauguzi wenzangu mlioko ndani: sheria ya shirikisho inalinda haki ya mfanyakazi kuliambia Bunge, ni ya tangu 1912. Lakini majina na mafaili ya wagonjwa hayabebwi kiholela. OIG wana mamlaka ya kuyaona, ofisi ya mbunge mmoja mmoja haina bila idhini ya mgonjwa. Peleka tatizo kwa OIG likiwa na kliniki, tarehe na jina la ripoti inayopotosha, wao watachota mafaili wenyewe. Na ukilipiziwa kisasi, kimbilio ni Ofisi ya Wakili Maalumu, ambayo iko nje ya VA.

Kusi_Minnesota

Ahsanteni sana wakuu, hii ni shule. Mawili ya mwisho: aliyerudi kuishi Mombasa bado ana mbunge? Na kama kuchelewa kumemletea madhara, lalamiko kwa mbunge linahesabika kama kufungua madai?

Fundi_wa_Fomu

Mombasa: VA haina hospitali Kenya. Kuna mpango wa matibabu ya nchi za nje, unaolipia tu maradhi ambayo VA imeshayatambua kuwa yalitokana na jeshi, na dawa au tiba zake. Mtu hujisajili kwa fomu 10-7959f-1, anadai kwa 10-7959f-2, ndani ya miaka miwili tangu tarehe ya matibabu. Risiti peke yake hairudishi kitu. Hospitali iandike utambuzi wa ugonjwa, huduma iliyotolewa, tarehe na kiasi kwa kila kipengele. Mbunge wake, kama ni raia, ni wa anwani ya mwisho aliyoishi Marekani, ile ile anayopigia kura kwa posta.

Madhara: HAPANA, lalamiko halihesabiki kama madai, na hili limewakosesha watu haki. Barua kwa mbunge haisimamishi saa. Madai ya uzembe wa kitabibu dhidi ya serikali hufunguliwa kwa Fomu SF-95 ndani ya miaka miwili tangu mtu ajue madhara na chanzo chake, na lazima iandikwe kiasi kamili cha dola. "Kiasi kitakachoamuliwa" ni sawa na kuacha wazi. VA ikikaa miezi sita bila jibu, unaweza kwenda mahakama ya shirikisho. Ikikataa kwa barua, una miezi sita tangu barua hiyo ipostiwe. Njia ya pili ni madai ya kifungu cha 1151, yanayolipa kila mwezi kama ulemavu wa kazini. Hayo hayana ukomo wa miaka miwili, ila ukifungua ndani ya mwaka mmoja tangu kuumia, malipo yanaweza kuanzia siku ya kuumia. Fungua zote mbili, ukijua kwamba fidia ya mahakama hukatwa kutoka kwenye malipo ya 1151 mpaka iishe. Kwa SF-95 tafuta wakili kabla ya kuandika ile namba, kwa sababu kwa kawaida mahakamani huwezi kudai zaidi yake.