Waliowahi kulala mahabusu au kupeleka chakula kaunta, Arusha na Moshi: tupeane uzoefu

Chalii wa Ngarenaro: Wakuu, leo karandinga limenipita soko la Kilombero hapa Arusha, vidole vimejaa kwenye nondo, mmoja anaita jina la mtu sokoni. Nikakumbuka mbali. Mtaani tunaandika barua mahabusu ya kituo chetu ikaguliwe na watu wa nje. Kabla haijaenda, leteni yenu.

Meku wa Rau: Niliwahi siku mbili. Sitaki hata kusimulia.

Mama Kijenge: Mwanangu alikamatwa Ijumaa jioni akiwa na bodaboda. Ijumaa! Mahakama mpaka Jumatatu. Jumamosi nikabeba hotipoti ya makande. Kaunta: "Onja." Nikaonja. "Na chai." Nikaonja. Mlango wa selo ulivyofunguliwa, joto likanipiga usoni kama nimefunua chungu. Mwanangu akasema, "Mama, mpe mzee wa hapa mlangoni, mimi kesho." Kumbe kuna mzee ana pumu, siku ya tatu, kwao hawajui alipo. Vijana wamempangia akae mlangoni apate hewa. Wao wanalala ubavu, mmoja akigeuka wote wanageuka, na aliyeingia mwisho analala karibu na ndoo ya haja. Niliomba aletewe dawa ya kuvuta. Nikajibiwa utaratibu hauruhusu. Nikakaa chini palepale kaunta na kanga yangu, nikasema basi na mimi niandikeni.

Dada Sakina: Mama umeniliza 😭

Mzee wa Kaunta: Kwa hiyo wahalifu wawekewe feni? Subirini muibiwe.

Chalii wa Ngarenaro: Mahabusu hajahukumiwa, mzee.

Mzee wa Kaunta: Na aliyeibiwa naye amehukumiwa?

Pasua Boy: Mnagombana bure. Ndugu yenu akikamatwa andikeni saa aliyoingia. Kama si kosa la kunyongwa au kosa zito, ndani ya saa 24 apewe dhamana au afikishwe mahakamani. Dhamana ya polisi ni bure, imebandikwa ukutani.

Meku wa Rau: Imebandikwa, na mkono unanyooshwa chini ya bango hilohilo.

Pasua Boy: 😂 Ndiyo maana usiende peke yako. Nenda na mwenyekiti wa mtaa.

Dada Sakina: Mwenyekiti wetu ndiye aliyewaita polisi. Mimi nilienda na mchungaji.

Msaidizi wa Sheria: Barua yenu nakala ipelekeni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ina mamlaka ya kukagua magereza na mahabusu, na kulalamika kwao hulipii. Tajeni pia Tume ya Haki Jinai ya Jaji mstaafu Chande Othman, ile iliyoangalia utendaji wa polisi na magereza, ripoti yake ilikabidhiwa 2023. Ila msiandike "hali ni mbaya". Andikeni watu wangapi, chumba hatua ngapi kwa ngapi, maji mara ngapi.

Meku wa Rau: Ukaguzi wenyewe nilikuwemo. Asubuhi tulimwagiwa dawa sakafuni, nusu yetu tukahamishiwa chumba cha pili. Mgeni akauliza kama kuna malalamiko. Askari yuko nyuma yake, funguo mkononi. Nani aseme? Waje bila kubisha hodi, na askari abaki nje.

Chalii wa Ngarenaro: Hiyo inaingia kwenye barua leo.

Mzee wa Kaunta: Yule wa pumu alitoka?

Mama Kijenge: Jumatatu. Vijana walinipa namba ya nyumbani kwake, nikawapigia.

Dada Sakina: Na hotipoti?

Mama Kijenge: Mpaka leo iko kituoni.