Tupeane uzoefu: mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa anayetaka kufundisha kwaya Kigoma

Wanaovuka kutoka Kongo na Burundi wakiwa na muziki wao kichwani ni wengi, kuanzia Ujiji hadi Kasulu, na wengi hukwama mahali pale pale. Wenye ujuzi, tuwekeeni hapa kwa undani.

Besi wa Ujiji
Kikwazo ni do, jina la nota ya kwanza katika ngazi ya muziki. Aliyefundishwa kwa Kifaransa, do yake ni C siku zote. Nota zetu ni solfa (herufi d r m f s l t) ya do inayohama: juu ya karatasi pakiandikwa "Doh ni G", basi G ndiyo d. Mgeni akitamka "sol, si, re" akikusudia G, B na D, kwaya inaimba s, t, r, yaani D, F shapu na A. Hapo kila upande unaona mwenzake hajui muziki, na inauma, maana wote wanajua. Mgeni ayaache kabisa yale majina akiwa mazoezini. Agonge uma wa sauti wa A 440, kile chuma kinacholia nota ya A: Doh ni G, ashuke toni moja; Doh ni F, toni mbili. Kisha aimbe d m s d' (d ya juu) taratibu, kila sauti ishike ya kwake ndipo ahesabu.

Sauti ya Tatu
Kagueni fotokopi. Kile kialama kidogo chini ya s, kinachoonyesha s ya chini, kikifutika, besi wanapanda oktavu nzima (kama kutoka d hadi d') na kugongana na waimbaji wa sauti ya tena. Kirudishieni kwa kalamu nyekundu kabla ya kugawa.

Mama Alto
Kwa wanaotunga: Kifaransa huegemea silabi ya mwisho, Kiswahili ya pili kutoka mwisho. Kwenye "tunakushukuru", pigo zito liangukie "ku" ile ya karibu na mwisho. Likiangukia "ru", waumini wanasikia lafudhi badala ya sala. Kiha nacho kina toni, kwa hiyo tungo ya Kiha isomwe kwanza na mzee anayekizungumza.

Besi wa Ujiji
Tena, asiharakie kusimama mbele. Akae ndani ya sauti yake, kisha apewe besi peke yao nusu saa, mistari miwili miwili. Kwaya ikishuka sauti kufikia beti la tatu, mara nyingi ni m na t zinazolegea kwa pumzi fupi. Agonge uma mwisho wa kila beti, arudie zile sehemu za m na t tu, bila kinanda.