Mrejesho: ile filamu yangu ya harusi ya kutisha

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza nitapigaje filamu fupi ya kutisha, wageni wa harusi wanakwama ukumbini usiku kucha, nami nina laki sita tu mfukoni.

Nianze na damu, maana ndiyo iliyonitoa jasho. Aliyesema nitumie sharubati ya chokoleti kama mwongozaji George Romero na wenzake kwenye Night of the Living Dead, filamu yao ya kutisha ya mwaka 1968, alisahau kwamba filamu hiyo ilikuwa nyeusi na nyeupe! Kwenye rangi ilionekana kama mchuzi wa maharage. Mwishowe nilichemsha sukari na maji hadi ikawa nzito, nikatia rangi nyekundu ya chakula na kakao robo kijiko ili isiwe nyekundu ya soda. Ikakubali. Ila shela tuliyoazima haikutakata tena, na dada yangu hanisemeshi mpaka leo.

Ushauri wa kupiga kila kitu kana kwamba ni video ya mpiga picha wa harusi uliniokoa. Kamera moja na taa yake ya juu, picha ikitikisika hakuna wa kulalamika. Pale keki inapokatwa na kisu kinatoka chekundu, tulirudia mara mbili tu, kwa sababu keki zilikuwa mbili.

Sauti ndiyo imeharibika. Jenereta ya jirani inasikika ndani ya kila mnong'ono. Wiki ijayo naita waigizaji tuingize sauti upya, chumbani, chini ya blanketi. Aliyeigiza MC ameshaomba nauli.