Watoto wa korali (kwaya) wanataka kuogelea mto Kafubu Jumapili, niwaruhusu?

Mama wa Katuba
Jambo ndugu zangu. Watoto wa korali yetu, wa miaka 9 hadi 15, wanaenda kutembea Kafubu Jumapili hii. Bukari (ugali), nyama ya kuchoma, mpira, halafu kuoga mtoni. Mvua inanyesha tangu Jumatano. Kiongozi wao ananihakikishia maji ya kule yanang'aa, si kama ya mto Lubumbashi unaopita hapa mjini. Ila kundi lililotangulia lilirudi na watoto wenye kuharisha. Pengine ni nyama, sijui. Wazazi wanasubiri neno langu.

Papa Kampemba
Siye tulikomaa mu ile mayi na tuko bazima. Batoto ba leo munabaogopesha na kila kitu.

Wa Laboratwari
Papa, heshima yako, lakini waliougua zamani hawako hapa kukujibu.
Mama, ni fasi gani ya Kafubu? Mto Lubumbashi unaishia humo humo. Chini ya makutano mtaoga mitaro ya mji, hata maji yawe meupe namna gani. Sisi hupima E. coli, bakteria wa utumbo. Wakiwa wengi, ujue kinyesi kimeingia, na kinyesi huweza kuleta kolera, homa ya matumbo au amiba. Marekani, tangu 2012, wanapendekeza wastani usiozidi bakteria 126 katika mililita 100 za maji ya kuogelea. Shida ni kwamba kuwaotesha ili tuwahesabu huchukua karibu siku nzima, na mvua moja ya usiku inaharibu jibu lote. Inazoa vyoo na majalala, inashusha mtoni. Baada ya mvua kubwa ngojeni siku mbili tatu za jua. Msimu huu mtazitoa wapi?

Mama wa Katuba
Ni chini ya makutano, kumbe. Na nikiwapa antibiotiki asubuhi kabla ya kutoka?

Wa Laboratwari
Hapana, mama! Antibiotiki hainywewi kama chai. Haizuii virusi, na inafundisha bakteria kuishinda.

Yaya wa Ruashi
Msisahau bilharzia, yaani kichocho. Hiyo haihitaji mtoto ameze maji, inapenya ngozi. Konokono wake wanapenda kando, palipotulia penye majani, na ndipo wadogo wanapochezea. Mimi nilimeza prazikwanteli, dawa yake, naijua.

Wa Laboratwari
Kweli kabisa. Nendeni, lakini bebeni bidoni za maji ya kunywa na ya kunawa, na sabuni, kabla hamjagusa bukari. Mwenye kidonda asikanyage mto hata kidogo.

Mama wa Katuba
Nimempigia kiongozi. Amenuna, lakini amekubali: mpira tu, mto wautazame. Aksanti sana.

Papa Kampemba
Na ile nyama, mama, siye ba papa tunaweza kufika?