Frimasoni akifa Dar: azikwe kwa aproni hadharani, au loji iendelee kukaa kimya?

Mzee wa Lumumba (mleta hoja)

Dar mtu maarufu akifa ghafla, kabla turubai halijafungwa, kijiweni wameshahitimisha: "Alikuwa Frimasoni yule." Kanumba, mwigizaji wa filamu, alipofariki Aprili 2012 tuliliona hilo. Aliagwa Leaders na umati usiohesabika, akazikwa Kinondoni kikristo, na bado neno likatembea mjini miaka. Wakati huohuo Wafrimasoni wenyewe, wanachama wa udugu wa kimataifa wanaokutana katika vikundi viitwavyo loji, wanafariki humuhumu na hakuna anayejua. Wenye jina wananyamaza, wasio nalo wanabandikwa.

Marekani mambo ni kinyume. Mchungaji akimaliza, ndugu wa loji wanaingia wawili wawili: suti nyeusi, aproni nyeupe kiunoni, glavu nyeupe, kitawi kibichi kifuani. Mkuu wa loji analaza juu ya jeneza aproni ya ngozi ya kondoo, vazi ambalo mwanachama hupewa siku ya kwanza anapoingia, na anasema mbele ya watu wote kwamba ni alama ya moyo usio na doa. Kisha kitawi. Asili yake ni mgunga, ila kwa kuwa mgunga hauoti kila mahali wanatumia mti wowote usiopukutisha majani, maana yake roho haifi. Wanapita mmoja mmoja, kila mtu anadondosha chake. Kaplaini, msomaji sala wa loji, anaomba. Dakika 15 hadi 20, imekwisha. Mama wa jirani aliyekuja kuzika ameona kila kitu: sala, ngozi na jani. Hakuna damu, hakuna nyoka.

Hoja yangu: ukimya wa loji msibani ndio unaowachafua Dar kuliko adui yeyote. Karibuni.

Skwea na Bikari

Mzee wangu, shikamoo. Umeeleza vizuri, ila umechanganya nyumba mbili.

Desturi uliyoisimulia ni ya Loji Kuu za Marekani, yaani vyombo vinavyosimamia loji, ambako kila jimbo lina yake. Loji za hapa zilizo chini ya Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza, ambazo zinasimamiwa kupitia wilaya ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi, zinafuata msimamo uliopitishwa London tarehe 12 Septemba 1962. Msimamo huo ni huu: Wafrimasoni wasishiriki kama Wafrimasoni katika sehemu yoyote ya maziko au uchomaji wa maiti. Pasiwe na sala, masomo wala mawaidha ya kiloji, iwe wakati wa ibada au baadaye kaburini. Mavazi ya loji hadharani ni kwa kibali cha nadra, na waliona haja ya kutamka kwamba glavu nyeupe nazo ni sehemu ya mavazi hayo. Sababu waliitoa: maziko ya mwanadamu yamejitosheleza, hayahitaji nyongeza kwa kuwa marehemu alikuwa mwanachama. Anayetaka kumkumbuka, amkumbuke kikao kinachofuata cha loji au kwenye ibada ya kumbukumbu iliyopangwa mahsusi.

Mfano uliotazamwa na dunia nzima ni Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Aliingizwa loji ya Navy Lodge mwaka 1952. Alipozikwa Windsor tarehe 17 Aprili 2021, juu ya jeneza kulikuwa na bendera yake, shada, kofia ya jeshi la majini na upanga. Aproni haikuonekana. Kwa hiyo ukimya unaouona Dar ni utaratibu, siyo woga.

Mzee wa Lumumba

Marahaba. Sawa, utaratibu. Ila utaratibu wa 1962 uliandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wanajua loji ni nini. Kijijini Uingereza mtu anajua daktari wake na mwenye duka ni wanachama. Hapa anajua bango lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme: "Jiunge Freemason upate utajiri", na namba ya simu ya tapeli chini yake. Ukiliacha jina uwanjani bila mwenyewe, tapeli analiokota.

Na msiseme kuzika kwa aproni ni uzushi wa Wamarekani wa leo. George Washington alifariki 14 Desemba 1799, akazikwa tarehe 18 nyumbani kwake Mount Vernon. Loji ya Alexandria ilishiriki, na aproni ikawekwa juu ya jeneza. Zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo, 1772, William Preston, Mskoti aliyeishi London, alishachapisha utaratibu wa mazishi pamoja na masharti yake: marehemu awe ameomba mwenyewe kwa mkuu wa loji yake, na awe amefika daraja la tatu la uanachama. Aliyeishia la kwanza au la pili hapati. Kwa hiyo desturi ilitoka Uingereza hukohuko ikavuka bahari, halafu mama mwenyewe akaiacha.

Ratiba ya Msiba

Tuache London kidogo, tushuke chini ya turubai.

Msiba wa kikristo wa Dar una ratiba ambayo kamati imeipigania usiku kucha. Mwili unatoka mochwari asubuhi, unafika nyumbani, wasifu, salamu za rambirambi (hapa ndipo muda unapolika, kila ofisi na kila kikundi cha kina mama kina mwakilishi), ibada, kuaga, msafara, foleni ya barabarani, kaburini kabla jua halijashuka. Ukiniambia niingize dakika 20 za loji, nitakuuliza wapi. Ukiziweka kabla ya ibada, padri au mchungaji anakuta aproni juu ya jeneza na inabidi aamue palepale mbele ya wafiwa. Ukiziweka baada ya ibada, watu wamesimama juani, kwaya inaimba, koleo zinagonga, na msomaji ni mzee mwenye sauti ndogo ameinamia kijitabu. Hata Marekani wenyewe wanalalamikia hili: maneno ya karne ya 18 yanasomwa bila uhai, ndugu watano tu ndio waliofika, mmoja amesahau glavu. Ibada iliyokusudiwa kuheshimu inaacha watu wakitazamana.

Kubwa kuliko yote ni simu. Katika mazishi ya Kimarekani kuna heshima ya mwisho ya mikono: inapishanishwa kifuani, inainuliwa juu ya kichwa, inashushwa, mara tatu. Kwa aliyesimama pale akasikia na maneno yanayotaja mapenzi ya Mungu, ni salamu ya kuaga. Sasa ikate video iwe sekunde 12, ondoa sauti, weka muziki wa kutisha, itume kwenye magrupu ya WhatsApp. Kufikia jioni jiji zima lina "ushahidi". Mzee wa Lumumba anadhani watu wataona ibada nzima. Dar hakuna anayeona ibada nzima, wengi wanaona kipande.

Tena glavu nyeupe zenyewe zimeshaleta maneno kwa wasiohusika: vijana wa kukodi wa kubeba jeneza, wamevaa suti na glavu, wanatembea kwa hatua za kupimwa, na chini ya picha mtu anaandika "hao ndio wenyewe".

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Ratiba amegusa suala la padri, nami nalifafanua kwa sababu wengi hulisema vibaya, eti "Kanisa haliziki Frimasoni", nukta.

Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 1240, iliwataja kwa jina kati ya wanaonyimwa maziko ya Kanisa, isipokuwa wameonyesha toba kabla ya kufa. Sheria ya 1983, kanuni ya 1184, haiwataji tena kwa jina. Inataja, pamoja na wengine, wadhambi wa wazi ambao maziko yao yataleta makwazo kwa waamini, wasipotoa dalili yoyote ya toba. Lakini katazo la kujiunga halikuondoka: tamko la Roma la 26 Novemba 1983 lilisema ni dhambi nzito na mhusika hawezi kupokea Komunyo, na Novemba 2023 msimamo huo ukarudiwa.

Angalieni neno "wazi". Mkatoliki aliyekuwa mwanachama kimyakimya, akafa ameungama, paroko hana cha kumkatalia. Mkiweka aproni juu ya jeneza mbele ya parokia nzima, mmelifanya jambo lake kuwa la wazi ninyi wenyewe, na yeye hayupo kujieleza. Mnaweza kumkosesha maziko mtu ambaye angeyapata. Na jeneza kanisani lina alama zake: kitambaa cheupe kinachokumbusha ubatizo, msalaba, Injili. Pale juu hakuna nafasi iliyobaki.

Ustaadhi wa Temeke

Assalaam aleikum. Kwetu hata mjadala haufiki mbali. Maiti wa kiume anaoshwa, anakafiniwa sanda vipande vitatu, anaswaliwa, anazikwa mapema iwezekanavyo. Jeneza ni la msikiti, linarudi kumngoja mwingine. Aproni utailaza juu ya nini? Hukumu ya kujiunga ni mlango mwingine, na wanachuoni wa Makka waliutolea fatwa ya kukataza mwaka 1978.

Skwea na Bikari

Ustaadhi na Katekista wamenirahisishia kazi. Wanachama wa hapa ni Wahindu, Waislamu, Wakristo, Waparsi (wafuasi wa Zoroasta). Sheria yao inawakataza kubishana dini ndani ya loji. Andy Chande, aliyefariki Aprili 2017, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa sura ya Ufrimasoni Afrika Mashariki, alikuwa Mhindu. Ibada ya kiloji ya aina moja ingebidi iingie kwenye tanuri la Mhindu, kanisani na makaburini kwa Waislamu, na kila mahali ingeonekana dini ya nne iliyokuja kugombea maiti. Tuhuma kubwa kuliko zote dhidi yao ni hiyohiyo, kwamba ni dini.

Isitoshe Chande alizungumza na waandishi akiwa hai, akakiri jina lake na kazi yake. Mtu akijitambulisha akiwa mzima, jeneza halihitaji kumsemea.

Mzee wa Lumumba

Hapo kwenye maiti kugombewa nakubali, nimerudi nyuma hatua moja. Lakini Chande ni mmoja. Wengine hata wake zao hawajui.

Mama Mirathi

Ndiyo hilo nililokuwa nangoja lisemwe. Mnabishana kuhusu umati wakati uvumi mbaya zaidi unaanzia chumbani. Mume amekufa, wiki ya pili shemeji wanafungua kabati: mkoba mweusi bapa, ndani aproni yenye utepe wa buluu, glavu, kijitabu chenye maneno yaliyoandikwa herufi ya kwanza tu. Basi. Mali yote ya marehemu inageuka "mali ya Frimasoni", mtoto aliyefariki zamani anageuka kafara, na mjane anasakamwa kwenye kikao cha ukoo. Nimeona hoja hizo zikitumika kumnyima mtu nyumba.

Dawa yake haihitaji jeneza wala kibali cha London. Mwanachama aandike ukurasa mmoja akiwa hai: jina la loji na namba yake, simu ya katibu, ada inayolipwa kwa mwaka, mkoba uko wapi na urudishwe kwa nani, na kwamba hataki au anataka kumbukumbu. Nakala kwa mke, nakala kwa katibu. Katibu akipata taarifa ya msiba, aje nyumbani siku ya kwanza kama mtu mwingine yeyote, na rambirambi iandikwe kwenye daftari la msiba kwa jina la loji, siyo "marafiki".

Ratiba ya Msiba

Kwenye daftari napenda. MC anasoma orodha: kanisa, ofisi, kikoba, loji. Linapita katikati ya majina mengine.

Skwea na Bikari

Na kumbukumbu yenyewe ifanyike ukumbini kwao baada ya arobaini, familia ialikwe, wakae viti vya mbele. Hilo 1962 hawakulizuia.

Mzee wa Lumumba

Wakija na simu zao?

Mama Mirathi

Waje nazo. Ila ukurasa ule mke ausome mumewe akiwa hai, siyo kwenye kabati.