Tupeane uzoefu: makosa ya kupiga parkuri uliyoichora mwenyewe

Mchoraji wa Kampemba
Jambo yenu bandugu. Mada ni hii: mtu amechora parkuri (njia ya kuta na shabaha ambayo mpigaji anaipita akipiga kwa kushindana na saa) mwenyewe, amepigilia misumari mwenyewe, maelezo kaandika yeye. Kronometa inalia, naye anapita shabaha bila kuipiga, wakati mgeni aliyekagua kwa dakika tano tu anaiona. Kwa nini? Hadithi za nani alianguka wapi tuziache. Leteni kosa, sababu yake na namna ya kulizuia. Hapa Lubumbashi wengi wetu tunatumia bastola za hewa za vidonge vya milimita 6, wachache wamezoea risasi halisi kwenye viwanja vya Afrika ya Kusini. Kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu wa kupiga shabaha kwa bastola ukiwa mwendoni, ndizo msingi wetu sote.

Mzee wa Kamalondo
Sababu ya kwanza ni macho. Mchoraji anaijua parkuri kutoka juu, kama ndege. Mpigaji anaijua kutoka kimo cha mtu aliyesimama, tena akiwa mwendoni. Kwenye karatasi shabaha ya tano iko kati ya nne na sita, haina siri. Uwanjani shabaha hiyo hiyo inachungulia kupitia dirisha la kushoto, inapotea nyuma ya ukuta, halafu inatokea tena mwisho wa ukuta. Mchoraji akiiona mara ya pili, kichwa chake kinamwambia "hiyo nimeshaipiga", maana kichwani shabaha ni moja na ina namba. Mgeni hana namba. Ana kona, pengo na kitu cha rangi ya kaki, basi.

Sababu ya pili ni matoleo. Kuna parkuri ya kwenye karatasi. Kuna ile iliyobadilika siku ya kujenga kwa sababu kichuguu kimekaa mahali pa ukuta (na vichuguu vya huku mnavijua, havisukumwi na watu wawili). Kuna ya tatu, baada ya mwamuzi kusema pembe ile haifai. Mchoraji amebeba zote tatu, na mlio wa kuanza ukipigwa inayoamka ni ya kwanza, kwa sababu ndiyo aliyokaa nayo siku nyingi.

Dawa yake: ujenzi ukiisha, mpe mtu mwingine karatasi ya mchoro. Weka nyundo chini. Mtu mwenye nyundo mkononi haoni shabaha, anaona misumari na mbao zilizopinda. Kaa kando angalau nusu saa, kisha ingia kuanzia mahali pa kuanzia. Kwenye kila kituo hesabu kwa sauti shabaha unazopiga hapo, si zile unazoziona. Jumla ilingane na maelezo. Mfano: shabaha za karatasi 11 zenye risasi mbili mbili na popa 2 (shabaha za chuma zinazoanguka zikipigwa, risasi moja moja) ni risasi 24. Ukifika mwisho una 22, kuna karatasi imekukimbia. Ukipata 26, kuna moja umeipanga kuipiga mara mbili, na hilo ndilo kosa la mchoraji hasa. Kisha rudi kinyume, kutoka kituo cha mwisho hadi cha kwanza, ukihesabu tena.

Hesabu Ruashi
Tuweke namba, maana wengi wanadhani shabaha moja iliyosahaulika ni jambo dogo.

Parkuri ya risasi 24 ina alama 120. Mpigaji mzuri anapata, tuseme, alama 108 kwa sekunde 18. Gawanya alama kwa sekunde: 6.00. Mchoraji anapiga sawasawa na huyo, ila karatasi moja kaipita. Amekosa alama 10 za mashimo mawili. Kila shimo lililokosekana lina adhabu ya 10, kwa hiyo toa 20. Kutoielekezea shabaha hata risasi moja ni adhabu ya utaratibu, toa 10 nyingine. Zimebaki 68. Mpe hata nafuu ya sekunde 1.5 kwa kutosimama pale: 68 kwa 16.5 ni 4.12. Hiyo ni karibu asilimia 69 ya mshindi, yaani alama 82 badala ya 120.

Kwa hiyo ukikumbuka karatasi hiyo ukiwa umeshapita kituo, bado uko ndani ya mistari na saa inaendelea, rudi. Tuseme kurudi na kuipiga kunakula sekunde 3: 108 kwa 21 ni 5.14. Ni maumivu, lakini si 4.12. Wachoraji wengi hawarudi kwa aibu. Sharti ni moja: mdomo wa bastola ubaki unaelekea kwenye kingo ya risasi (tuta la mbele linalozizuia) wakati miguu inarudi nyuma, na kidole kiwe nje ya kilinda triga.

Kijana wa Katuba
Mimi naongeza kosa la magazini. Kanuni inasema kutoka mahali pamoja au mwonekano mmoja risasi zinazotakiwa zisizidi 9, kwa hiyo mchoraji anapenda vituo vya karatasi nne, risasi 8. Vituo viwili ni 16. Kwenye daraja la Production, la bastola za kawaida za kiwandani, magazini haizidi risasi 15. Pamoja na iliyo tayari ndani ya mtutu unapata 16 kamili, bila hata moja ya kurudia. Mchoraji alipochora alihesabu shabaha tu, makosa ya mkono wake hakuyahesabu. Badilisha magazini kati ya kituo cha kwanza na cha pili hata kama bado zimo 8. Mwendo upo tayari, haukugharimu kitu.

Kona Tisini
Hapo kwenye mwendo kuna jambo ambalo linamtoa mtu mashindanoni kabisa, si kupunguza alama tu: pembe ya digrii 90, ambayo mdomo wa bastola hauruhusiwi kuipita ukihesabu kutoka kuelekea kingo.

Mchoraji anachora shabaha ya pembeni, anaipima akiwa amesimama katikati ya kituo, anaona sawa. Lakini mstari wa mpaka unaruhusu kusogea mbele zaidi. Siku ya kupiga anakimbia, anakumbuka shabaha ile akiwa ameshaifikia bega kwa bega, anageuka. Mdomo umepita 90. Kwaheri, na parkuri ni yake.

Pima hivi. Simama mbele kabisa pale mistari inapokuruhusu. Nyoosha kamba kutoka hapo kwenda kushoto na kulia, sambamba na kingo. Shabaha yoyote inayoonekana lazima iwe mbele ya kamba, na si kwa kidole kimoja. Ikiwa mita 5 pembeni na mita 1 tu mbele ya kamba, pembe ni digrii 79. Ikiwa mita 2 mbele, ni 68. Mimi nataka mita 2. Kwa mita 1 mtu aliyechoka anazimaliza zile digrii 11 kwa kugeuza kiuno tu.

Angalia pia upande wa mwendo. Anayetumia mkono wa kulia akibadilisha magazini huku anakimbia kutoka kulia kwenda kushoto, mdomo wa bastola unavutwa kurudi nyuma. Wa mkono wa kushoto, kinyume chake. Mchoraji huchora kwa mkono wake mwenyewe halafu anasahau kuwa kuna watu wa mkono mwingine, au anasahau hata wa kwake siku anapogeuza parkuri kama kioo ili "ionekane mpya".

Mama Julai
Nyinyi mnazungumza kama parkuri iko chumbani. Iko Lubumbashi, bandugu.

Jua kwanza. Tuko kama digrii 11 na nusu kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Uwanja unaoelekea kaskazini unampiga mpigaji usoni kiangazi chote. Elekeza kusini ukiweza. Ukishindwa, usiweke popa nyeupe mbele ya mwanga. Mchoraji anakagua jioni jua likiwa mgongoni, anaona kila kitu, kesho yake asubuhi kivuli cha ukuta kimeilalia karatasi ya pili na haionekani.

Baridi. Asubuhi za Juni na Julai joto linashuka chini ya digrii 10, na bastola ya gesi haipendi hivyo. Gesi ikipoa, shinikizo linashuka, na kila mlio wa haraka unapoza magazini zaidi. Parkuri iliyojaribiwa saa tisa alasiri kwa risasi 14 mfululizo itakwama saa mbili asubuhi kwenye ya 9 au ya 10: slaidi inarudi nusu. Weka magazini mfukoni karibu na mwili, usiziache juu ya meza ya chuma, na jaribu parkuri saa ile ile itakayopigwa.

Upepo wa Agosti. Kidonge cha gramu 0.20 kinapeperuka, cha 0.25 au 0.28 kinatulia zaidi lakini kinaanguka mapema. Ukichora shabaha ya mbali kwa kidonge kizito ulichonacho wewe, usishangae siku kimekwisha dukani na umepiga kwa chepesi. Vigingi vya karatasi vikandamize kwa mfuko wa makala uliojaa mchanga. Jiwe dogo halitoshi. Karatasi iliyoinama digrii chache inabadilisha kila ulichopanga kuona kupitia pengo.

Na miwani. Anayejenga pia avae, si anayepiga tu. Kidonge kinarudi kutoka kwenye bati.

Mchoraji wa Kampemba
Asanti Mama. Bati linanikumbusha kronometa. Inasikiliza sauti. Ukijenga ukuta wa bati kwa sababu ni rahisi kuliko mbao, kidonge kikigonga bati baada ya mlio wa mwisho kinaweza kuhesabiwa kama mlio, na muda unaongezeka. Mwamuzi ashike kronometa karibu na bastola na apunguze usikivu. Au weka kitambaa cha zamani kwenye bati, kazi imekwisha.

Fundi Bembea
Shabaha inayobembea inawaaibisha wachoraji kuliko zote, na sababu ni fizikia.

Bembea rahisi ya mita 1 kutoka mhimili hadi uzito inakwenda na kurudi kwa sekunde 2. Ya sentimita 50, sekunde 1.4. Ukiongeza uzito juu ya mhimili mwendo unapungua. Katikati ndipo inapokimbia kuliko kwingine, mwisho wa kila upande inasimama kidogo. Piga hapo mwisho. Sasa mchoraji anaweka shabaha ya katazo (isiyotakiwa kupigwa) mbele ya mwisho mmoja ili kuwatesa wenzake, halafu kwa mazoea anasubiri upande ule ule alioufunika.

Kosa la pili: anaipima kwa kuvuta kamba kwa mkono. Siku ya kupiga kinachoachia kamba ni popa, na popa ina muda wake wa kuanguka. Kama mpango ni "piga popa, piga karatasi mbili, bembea inakuja", pima kuanzia mlio wa popa hadi shabaha itokee mara ya kwanza, mara tano. Ukipata 1.1 na mara nyingine 1.6, mpango hauna msingi. Rekebisha popa kwanza. Kwa vidonge vya gramu 0.20 popa lazima iwe nyepesi, na popa nyepesi inaangushwa na upepo wa Mama Julai. Mtaegemeza na nini, sijui, labda mjenge ukuta upande upepo unakotoka.

La tatu ni la maandishi. Kama shabaha inayotokea inapotea kabisa baada ya kujitokeza, kuikosa hakuna adhabu. Lakini usipopiga kabisa kile kinachoiamsha, adhabu zipo. Mchoraji anakumbuka nusu ya kwanza ya kanuni.

Kijana wa Katuba
Hakuna aliyetaja maringo. Mchoraji ameficha njia ya mkato: mahali pamoja penye upana wa bega ambapo shabaha tatu zinaonekana, ya mwisho mita 15 kupitia pengo la kiganja. Anaipenda kwa sababu ni yake. Anaipiga mbele za watu, na inamgharimu.

Hesabu Ruashi
Hilo linapimika. Pita njia zote mbili makavu, bila vidonge, mara tano kila moja, na kronometa. Panga muda kutoka mdogo hadi mkubwa, chukua wa tatu, si ule bora kuliko yote. Kama mkato haujaokoa angalau sekunde 1, achana nao, maana pengo la kiganja kwa mita 15 litakulipisha shimo la D, eneo la nje la karatasi, lenye alama 1 badala ya 5 za A ya katikati, au katazo lenye adhabu ya 10.

Mzee wa Kamalondo
Na mwanzo. Ukibadilisha mahali pa kuanzia, badilisha maelezo yaliyoandikwa kabla ya kitu kingine chochote, kisha umpe mtu mwingine ayasome kwa sauti huku wewe unafuata neno kwa neno kama hujui kitu. "Mikono ikigusa alama mbili ukutani" na wewe umesimama mikono chini kwa sababu toleo la kwanza lilikuwa hivyo: mwamuzi mzuri atakurekebisha kabla ya mlio, lakini mpango mzima kichwani umeshavurugika.

Kona Tisini
Picha zisaidie pia. Piga moja kwa simu kutoka kila kituo, kwa kimo cha macho, baada ya badiliko la mwisho. Mchoro wa zamani ufute kwenye simu, la sivyo utaufungua usiku kabla ya kulala.

Mgeni wa Annexe
Swali: kama wajenzi wanapiga siku moja kabla ya wengine, nani anahesabu mashimo ya mchoraji?

Mchoraji wa Kampemba
Yeyote asiyejenga naye. Na mchoraji asiguse karatasi wala kubandika vipande kabla alama hazijaandikwa, hata kama anaona kwa mbali kuwa ni A.