CT skani imesema hakuna uvimbe lakini maji tumboni yanarudi, hii imekaaje?

Mtani_wa_Kongwa: Mbukwenyi wakuu. Bi mkubwa tumbo limejaa maji, utrasaundi ya huku wilayani ikaona maji tu, tukaenda Dom mjini akapigwa CT skani, ripoti inasema hakuna uvimbe. Wakayatoa yale maji, haikupita muda tumbo likajaa tena, na sasa dokta anataja saratani ya utando wa tumbo. CT si inaona kila kitu? Kuna jamaa anasema tuuze ng'ombe twende kwenye PET skani, ile unachomwa sukari yenye mionzi halafu penye saratani panawaka kwenye picha.

Mtu_wa_Picha: Pole mkuu. CT haioni kila kitu. Ule utando ni mwembamba na umezunguka utumbo na kuta zote za ndani, saratani ikitua pale inaanza kama vipunje, na vya chini ya sentimita 1 CT inavikosa vingi tu, hasa vilivyojificha katikati ya utumbo mwembamba. Je, alichomwa dawa ya mshipani, ile unasikia joto mwili mzima mpaka unahisi umejikojolea? CT kavu kwa kazi hii ni kupapasa gizani.

Mtani_wa_Kongwa: Hakuchomwa kitu mkuu.

Mama_Chamwino: Na yale maji waliyapima?

Mtani_wa_Kongwa: Yalimwagwa yote

Mama_Chamwino: Jamani! Yakitolewa tena sema yapelekwe maabara watafute seli za saratani na TB pia. TB ya tumbo inaiga hii kitu balaa, maji yale yale, utando unanenepa vile vile, hata kipimo cha damu cha CA 125 kinapanda kwenye zote mbili, na TB ina dawa.

Mtu_wa_Picha: Mama kamaliza. Ila majibu ya maji yakiwa safi bado hujaivua saratani. Ng'ombe usiuze kwanza, PET nayo vipunje vidogo inavipita, na saratani zenye ute ute haziwaki vizuri. Apime kreatinini, kipimo cha damu cha figo, na kama figo ziko sawa arudie CT ya dawa, au MRI (mashine ya sumaku) yenye picha za difusheni, zile zinazoonyesha maji yanavyotembea ndani ya nyama za mwili, hiyo kwa vipunje ni nzuri zaidi, hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma MRI ipo. Vikigoma vyote ni laparoskopi, wanaingiza kamera wanakata kinyama cha kupima. Na CD ya picha za mwanzo beba, usiende na karatasi ya ripoti peke yake.

Mtani_wa_Kongwa: Poa wakuu, Jumatatu namuuliza dokta kuhusu hiyo kreatinini.